Ulaya iwape wenzi wote wa raia wake kadi moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalowasumbua watu wengi waliofunga ndoa na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya ilhali wao wenyewe wana pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda au nchi nyingine ambayo raia wake hawaruhusiwi kuingia Ulaya bila viza. Ndoa ileile, yenye cheti kilekile, hupewa uzito tofauti kila wenzi hao wanapovuka mpaka. Mara nyingi tofauti hiyo haitokani na kosa la mtu yeyote, bali na swali ambalo wengi wetu hatukujua kwamba litakuja kuulizwa: je, mwenzi wako mwenye uraia wa Ulaya anaishi katika nchi yake mwenyewe, au amehamia nchi nyingine ya Umoja huo?

Nitumie mfano ulio karibu nami. Ninaishi Dublin, na mume wangu ni raia wa Ireland. Katika mtaa wetu anaishi dada mmoja, naye mwana wa Afrika Mashariki, ambaye mume wake ni raia wa Poland aliyehamia Ireland kufanya kazi. Pasipoti zetu hazipishani kwa lolote, kwa maana zote mbili zinadaiwa viza ya Schengen. Tunalipa kodi kwa serikali moja. Na vyeti vyetu vya ndoa vimetolewa na mamlaka zinazotambulika. Familia hizi mbili zikiamua kwenda Hispania wiki ileile, jirani yangu atapanda ndege akiwa na pasipoti yake na kadi ya ukaazi inayomtambulisha kuwa mwanafamilia wa raia wa Umoja wa Ulaya kwa mujibu wa Ibara ya 10 ya Agizo namba 2004/38, yaani sheria ya Umoja huo kuhusu uhuru wa raia wake na familia zao kwenda na kuishi katika nchi wanachama, wala hatadaiwa viza. Mimi, ambaye mume wangu alizaliwa hapahapa, nina kibali kilichotolewa chini ya sheria za Ireland peke yake, na kwa kibali hicho sina budi kuomba viza. Mke wa mgeni ana njia pana kuliko mke wa mwenyeji. Simwonei jirani yangu kijicho hata kidogo. Haki aliyonayo ndiyo ninayotaka iwe ya wote.

Msomaji anaweza kudhani kwamba tatizo ni Ireland kuwa nje ya eneo la Schengen, yaani zile nchi 29 zilizokubaliana kuondoa ukaguzi wa pasipoti katika mipaka iliyo baina yao. Hiyo ni sehemu ya tatizo, lakini si yote. Mwanamke mwenye pasipoti ya Tanzania aliyeolewa na Mjerumani na kuishi naye Ujerumani hupewa kibali cha Kijerumani, ambacho humruhusu kutembelea nchi nyingine za Schengen kwa siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Lakini akitaka kuja Dublin na mumewe hata kwa siku mbili, lazima aombe viza ya Ireland. Mwenzake aliyeolewa na Mwitalia, na wote wawili wakawa wanaishi Ujerumani hiyohiyo, huja bila viza kwa sababu kadi yake ina yale maneno ya Ibara ya 10. Tena kabla ya hapo, wakati wa kuomba kuhamia Ujerumani, mke wa Mjerumani kwa kawaida alidaiwa cheti cha kuonyesha kwamba anajua Kijerumani cha ngazi ya mwanzo, sharti lililoanza mwaka 2007, ilhali mke wa Mwitalia hakuulizwa hata neno moja la lugha hiyo.

Ili kuelewa mambo yalivyofika hapa ni lazima turudi nyuma. Jumuiya iliyoanzishwa kwa Mkataba wa Roma wa mwaka 1957 ilitaka wafanyakazi waende kwa uhuru kule ambako viwanda na migodi iliwahitaji, na mwaka 1968 ikatunga kanuni namba 1612 iliyomruhusu mfanyakazi aliyehamia nchi nyingine mwanachama kuwa na mke wake au mume wake huko, awe wa uraia wowote ule. Watunga sheria waliona, na waliona sawasawa, kwamba mtu hawezi kuitikia wito wa kazi Ubelgiji au Uholanzi ikiwa atalazimika kuiacha familia yake nyuma. Lakini haki hiyo ilizaliwa ikiwa nyongeza ya safari ya mfanyakazi. Haikutokana na ndoa yenyewe. Agizo namba 2004/38, lililopitishwa tarehe 29 Aprili 2004 na kutakiwa liingizwe katika sheria za nchi wanachama ifikapo tarehe 30 Aprili 2006, lilikusanya haki hizo pamoja na kuzieneza kwa raia wote wa Umoja, wawe wafanyakazi, wanafunzi au wastaafu. Msingi, hata hivyo, ulibaki uleule. Agizo linamlinda raia anayekwenda au kuishi katika nchi ya Umoja isiyo yake, pamoja na wanafamilia wanaofuatana naye au wanaomfuata. Raia ambaye hajawahi kuhama kwao ameachwa mikononi mwa sheria za nchi yake, na sheria hizo hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Mashauri mawili yaliyofika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo kwa sadfa yana jina moja la ukoo, yanaonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yangu. Bibi Shirley McCarthy alikuwa raia wa Uingereza na wa Ireland kwa pamoja, aliyeishi Uingereza maisha yake yote, na mumewe alikuwa raia wa Jamaika. Mwaka 2011 Mahakama ilisema kwamba kwa kuwa hakuwahi kutumia haki yake ya kuhama, Agizo halimhusu. Desemba 2014 ulitolewa uamuzi katika shauri la Bwana Sean McCarthy, naye raia wa Uingereza na Ireland, aliyekuwa akiishi Hispania na mkewe raia wa Colombia. Ili waweze kwenda Uingereza, ambako pia walikuwa na nyumba, mke huyo alitakiwa kuwa na kibali maalumu cha miezi sita, na kila kilipokwisha ilimbidi asafiri mwenyewe kutoka Marbella hadi ubalozi wa Uingereza ulioko Madrid kuomba kingine, ingawa mkononi alikuwa na kadi halali ya ukaazi iliyotolewa na Hispania. Mahakama iliamua kwamba Uingereza haikuwa na haki ya kumdai kibali hicho: kadi yake ilitosha, hata kwa safari ya kuingia katika nchi ya mumewe mwenyewe. Ukiyasoma mashauri hayo mawili kwa pamoja, huoni popote kwamba ndoa moja ilikuwa ya kweli zaidi kuliko nyingine, wala kwamba mwenzi mmoja alitiliwa shaka kwa usalama na mwingine hakutiliwa. Tofauti iliyoamua ni kwamba mmoja alihamia Hispania na mwingine alibaki alipozaliwa.

Sheria inapomtunza anayehama na kumbana anayebaki, watu huhama. Mwaka 2002 Denmark iliweka sharti kwamba mume na mke wote wawili wawe wametimiza miaka 24 kabla mwenzi mgeni hajaruhusiwa kuhamia nchini humo, ukiacha masharti mengine kadha wa kadha. Daraja la Øresund, linaloiunganisha Denmark na mji wa Malmö nchini Uswidi, lilikuwa limefunguliwa miaka miwili tu kabla ya hapo. Basi Wadenmark waliooa au kuolewa na watu wa mbali wakahamia Malmö, wakawa wanalala Uswidi na kufanya kazi Copenhagen, kwa sababu ng'ambo ile walihesabiwa kuwa raia wa Ulaya waliohama na wenzi wao wakapata kadi. Uholanzi nayo, tangu mwaka 2006, humtaka mwenzi afanye mtihani wa lugha na wa maisha ya nchi hiyo akiwa bado kwao, na Waholanzi wanaoshindwa sharti hilo wana njia wanayoiita njia ya Ubelgiji, yaani kuhamia kwanza nchi hiyo jirani. Waingereza, kabla nchi yao haijajitoa katika Umoja, walikuwa na njia ya Surinder Singh, iliyopewa jina la mwanamume raia wa India aliyefanya kazi Ujerumani pamoja na mkewe Mwingereza, na ambaye shauri lake la mwaka 1992 ndilo lililothibitisha kwamba raia anayerudi kwao baada ya kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama hawezi kunyimwa kurudi na mwenzi wake. Mwaka 2014 Mahakama iliongeza kwamba ukaazi huo wa ugenini lazima uwe wa kweli na kwamba ziara za mwisho wa wiki hazihesabiki.

Ninapoziona njia hizi ninajiuliza ni nani anayeweza kuzipita. Mhandisi kijana ambaye mwajiri wake ana ofisi katika nchi kadhaa atahama bila taabu kubwa. Muuguzi wa hospitali ya wilaya, mkulima, mwenye duka, au mtu anayemuuguza mama yake mzee hawezi kuacha kila kitu na kwenda kupanga chumba nchi ya pili kwa miezi kadhaa ili tu sheria imtambue mke wake. Haki ambayo mtu huipata kwa kuwa na uwezo wa kuhama huwaacha nje hasa wale wenye kipato kidogo na majukumu mengi, na sielewi ni faida gani ambayo Ulaya inaipata kwa kuwaacha nje.

Hata pale ambapo Agizo linatumika bila shaka yoyote, yaliyoandikwa na yanayotendeka ni mambo mawili. Mume wangu akisafiri kwenda Hispania au Ufaransa anakuwa raia wa Umoja anayeingia katika nchi isiyo yake, na mimi ninayefuatana naye ninalindwa na Ibara ya 5. Viza nitadaiwa, lakini inapaswa kutolewa bila malipo, mapema iwezekanavyo, kwa utaratibu wa haraka, na nchi husika inapaswa kunirahisishia kwa kila namna niipate. Viza ya kawaida ya Schengen, ambayo tangu Juni 2024 ada yake ni yuro 90 kwa mtu mzima, kwangu haina ada. Sipaswi kudaiwa taarifa za benki, barua ya mwajiri, nafasi ya hoteli wala bima ya safari. Ninachotakiwa kuonyesha ni pasipoti yangu, uthibitisho wa uraia wa mume wangu, uthibitisho kwamba tumeoana, na kwamba tunasafiri pamoja au ninakwenda kumfuata huko aliko. Kamisheni ya Ulaya, chombo kinachosimamia utekelezaji wa sheria za Umoja, ilieleza mwaka 2009 kwamba kuichelewesha viza hiyo kwa zaidi ya wiki nne si jambo linalokubalika, na kwamba nchi inayotumia kampuni ya wakala kupokea maombi lazima imwachie mwanafamilia nafasi ya kwenda moja kwa moja ubalozini.

Yanayotendeka ni haya. Ubalozi mmoja ambao sitautaja ulinitaka nipeleke taarifa za benki za miezi kadhaa, uthibitisho wa hoteli, na barua kutoka kazini kwangu. Nilipowaeleza kwamba mimi ni mke wa raia wa Umoja na kuwaonyesha Ibara ya 5, karani aliyenihudumia alinijibu, kwa adabu kabisa, kwamba yeye anafuata orodha aliyopewa. Ubalozi mwingine ulikuwa hautoi miadi ila kupitia wakala, na wakala hakuwa na kifungu cha watu wa aina yangu katika mfumo wake wa kuandikisha maombi, kwa hiyo ada ya huduma ikabidi nilipe kama mtalii yeyote. Cheti chetu cha ndoa, ambacho serikali ya Ireland ilikwisha kukikubali, kilitakiwa kitafsiriwe upya na kuthibitishwa upya kana kwamba tunaoana kwa mara ya pili. Hakuna aliyenifukuza wala kunitukana. Lakini mtu anayejua haki yake na bado akapigwa danadana kutoka dirisha moja hadi jingine hufika mahali akaona ni afadhali alipe na kunyamaza, na hivyo ndivyo haki nyingi zinavyokufa bila hata kufikishwa mbele ya hakimu. Ninawajua wanawake na wanaume ambao wameacha kabisa kusafiri na wenzi wao, wakawa wanabaki nyumbani na watoto wakati harusi na mazishi ya upande wa pili wa familia yakipita.

Lipo pia suala la mashirika ya ndege, nami nitalieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu watu wengi hawalijui mpaka liwakute. Mwamuzi wa kwanza wa haki hizi ni mtumishi aliyesimama kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, mwenye foleni ndefu mbele yake na dakika chache za kuamua. Agizo jingine la Umoja, la mwaka 2001, linazitaka nchi wanachama ziyatoze faini mashirika yanayobeba abiria asiye na hati zinazotakiwa, na faini hiyo inaweza kuanzia yuro 3,000 kwa kila abiria. Kwa hiyo kumbeba asiyestahili kunaligharimu shirika fedha papo hapo, ilhali kumwacha anayestahili kunamgharimu abiria peke yake. Si ajabu kwamba mtumishi mwenye mashaka huchagua kumwacha. Jirani yangu niliyemtaja, pamoja na kadi yake iliyotimia kila kitu, aliwahi kuzuiwa kupanda ndege kwa sababu aliyemhudumia alizoea kuona kibandiko cha viza ndani ya pasipoti na hakukiona. Alipopatikana msimamizi aliyeielewa kadi hiyo, mlango wa ndege ulikuwa umekwisha kufungwa.

Kwamba hata serikali zenyewe huchanganyikiwa kunathibitishwa na shauri la shirika la Ryanair dhidi ya polisi wa Hungaria. Mwaka 2017 shirika hilo lilimbeba kutoka London hadi Budapest abiria raia wa Ukraine aliyekuwa na kadi ya ukaazi wa kudumu ya mwanafamilia wa raia wa Umoja, iliyotolewa na Uingereza ambayo wakati huo ilikuwa bado mwanachama. Polisi wa Hungaria walisema kadi hiyo haitoshi, wakalitoza shirika faini kwa kumleta mtu asiye na viza. Juni 2020 Mahakama iliamua kwamba kadi hiyo ilimwondolea sharti la viza, na kwamba haikujalisha kuwa ilitolewa na nchi iliyo nje ya Schengen. Kama polisi wa mpakani, ambao hiyo ndiyo kazi yao, walihitaji kuelezwa na majaji wa Mahakama hiyo iliyoko Luxembourg, tunawezaje kumtegemea mtumishi wa kaunta aijue sheria hiyo kwa moyo? Ni kweli kwamba tangu Agosti 2021 kadi mpya zinapaswa kutengenezwa kwa muundo mmoja katika nchi zote za Umoja, baada ya miaka mingi ambayo nchi moja ilitoa kadi ya plastiki, nyingine karatasi na nyingine kibandiko. Hilo limesaidia. Lakini muundo mmoja unawasaidia wale tu wanaostahili kupewa kadi hiyo, nasi tuliooana na raia wanaoishi kwao hatumo.

Uingereza ni habari nyingine, nami nitaigusa kwa sababu inatuhusu sisi wa Ireland kila siku. Ilijitoa rasmi katika Umoja tarehe 31 Januari 2020 na kipindi cha mpito kikaisha tarehe 31 Desemba mwaka huohuo. Mwenzi wa Mwingereza anayeishi Uingereza, akitaka kutembelea Ufaransa, sasa huomba viza ya kawaida na kuilipia, kwa kuwa mwenzi wake si raia wa Umoja tena. Na Mwingereza anayetaka kumleta mwenzi wake kuishi naye hutakiwa, tangu Aprili 2024, kuwa na kipato kisichopungua pauni 29,000 kwa mwaka. Kwa upande wetu, kuna mpaka wa karibu kilomita 500 kati ya Jamhuri ya Ireland na Ireland ya Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, ambao hauna kizuizi wala kibanda cha ukaguzi. Raia wa Ireland na wa Uingereza huuvuka watakavyo, kwa makubaliano ya muda mrefu baina ya nchi hizo mbili. Kutoka Dundalk, upande wetu, hadi Newry, upande wa pili, ni mwendo wa chini ya nusu saa kwa gari, na watu huenda kununua mahitaji na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Mke mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania, aliyekaa kwenye kiti cha mbele cha gari hilohilo pembeni ya mumewe, anatakiwa kisheria awe na viza ya Uingereza. Hakuna alama barabarani inayomwonya, na wapo waliovuka bila kujua wakajikuta wamevunja sheria ya uhamiaji, kosa ambalo linaweza kumfuata mtu katika kila ombi la viza atakaloliandika baadaye.

Najua hoja inayotolewa kila suala hili linapozungumzwa: kwamba zipo ndoa za uongo, zinazofungwa kwa ajili ya kupata karatasi. Zipo, na sizitetei. Ibara ya 35 ya Agizo inaziruhusu nchi kumnyima au kumfutia haki mtu aliyefunga ndoa ya namna hiyo, baada ya kumchunguza yeye binafsi. Lakini hofu ya ndoa za uongo haielezi kwa nini mke wa Mjerumani afanyiwe mtihani wa lugha na mke wa Mwitalia asifanyiwe, wala kwa nini mimi niombe viza na jirani yangu asiombe. Ireland yenyewe ilijaribu kuwazuia wenzi waliokuwa hawajawahi kuishi kihalali katika nchi nyingine ya Umoja, ikidai kwamba ni lazima idhibiti uhamiaji wake. Na katika shauri la Bwana Metock, raia wa Kameruni ambaye mkewe alikuwa raia wa Uingereza aliyefanya kazi Ireland, Mahakama ilisema Julai 2008 kwamba sharti hilo linapingana na Agizo, na kwamba haijalishi ndoa ilifungwa lini na wapi. Miaka mingi imepita tangu hukumu hiyo, na Ireland bado inadhibiti uhamiaji wake.

Ninachoomba kinawezekana. Hakuna sheria ya Umoja inayoikataza nchi mwanachama kumpa mwenzi wa raia wake hadhi ileile inayompa mwenzi wa raia wa nchi nyingine ya Umoja. Hispania ilifanya hivyo kwa miaka mingi: baada ya uamuzi wa Mahakama yake ya Juu kabisa mwaka 2010, mke wa Mhispania aliyeishi na mumewe Hispania alipata kadi ya aina ileile aliyopata mke wa Mfaransa au Mreno aliyehamia huko, mpaka kanuni mpya zilipowatenga tena mwezi Mei 2025. Nilisikitika sana kuona kwamba nchi iliyokuwa imeufikia usawa imerudi nyuma. Wabunge wa Bunge la Ulaya na serikali za nchi wanachama wanaweza kulifungua upya Agizo la 2004 na kuandika kwamba kadi ya mwanafamilia itolewe kwa mwenzi wa raia yeyote wa Umoja, popote anapoishi ndani ya Umoja, na kwamba kadi hiyo itambuliwe kwa safari fupi katika nchi zote 27. Hilo halimpi mtu haki ya kuhamia anakotaka, wala halimwondolei afisa wa mpaka uwezo wa kumzuia mtu aliye hatari. Linaondoa tu ulazima wa familia iliyokwisha kukubaliwa kuomba kukubaliwa tena kila mwaka.

Wizara zetu za mambo ya nje nazo zina nafasi. Serikali za Afrika Mashariki hukutana na Umoja wa Ulaya mara kwa mara kuzungumzia biashara, misaada na urejeshwaji wa wahamiaji wasio na vibali. Katika vikao hivyo sijasikia suala la wenzi wa ndoa wenye vibali halali likitajwa, ingawa ni raia wetu, na wengi wao ndio wanaosomesha wadogo zao na kuwajengea wazazi wao. Balozi zetu katika miji mikuu ya Ulaya zingeweza pia kutoa barua ya kuthibitisha cheti cha ndoa kwa utaratibu mmoja unaoeleweka, ili mtu asipeleke karatasi moja ubalozi huu na karatasi nyingine ubalozi ule.

Wakati tukisubiri, wasomaji wenye ndugu walio katika hali hii wawaeleze mambo machache ambayo mimi niliyajua kwa kuchelewa. Viza ya kufuatana na mume au mke ambaye ni raia wa Umoja, kwenda katika nchi ya Umoja isiyo yake, haina ada, iwe inaombwa Nairobi, Dar es Salaam au Dublin. Na anayeijaza fomu aandike wazi tangu mwanzo kwamba anaomba akiwa mwanafamilia wa raia wa Umoja, kwa sababu akikosea hapo faili lake litashughulikiwa kama la mtalii. Akinyimwa, anastahili kupewa sababu kwa maandishi na nafasi ya kukata rufaa, na hilo limo katika Ibara ya 30 na ya 31 za Agizo la 2004. Akifika mpakani bila viza lakini akiwa na cheti cha ndoa na mwenzi wake yupo pembeni, afisa anapaswa kumpa nafasi ya kutosha ya kuthibitisha haki yake kabla ya kumrudisha. Na kama ofisi ya serikali katika nchi yoyote ya Umoja, au Norwe, Iceland na Liechtenstein, imeikiuka sheria hii, kuna mtandao uitwao SOLVIT, ulioanzishwa mwaka 2002, ambao hupokea malalamiko bila malipo na kuyafuatilia kwa ofisi husika. Malalamiko yaandikwe, yatiwe tarehe, na nakala ya kila karatasi iliyodaiwa itunzwe, kwa kuwa Kamisheni ya Ulaya haiwezi kuishtaki nchi kwa mambo ambayo hakuna aliyeyaandika.

Msomaji wako,
Dublin, Ireland